Mtoto wa Mhunzi Aliyejifunza Kusema: Maisha ya Michael Faraday

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, najua wapo watakaofungua ukurasa huu washangae. Huyu Faraday si yule wa vitabu vya fizikia na kemia, yule wa elektrolisisi anayetunyima usingizi mtihani ukikaribia? Amefuata nini katika jarida la Kiswahili? Ngojeni kidogo. Kuna maneno ninayoyasikia sana bwenini, na hata mimi niliwahi kuyasema kabla sijapata habari: ati mwanafunzi wa sayansi hana haja na lugha. Akishajua kupima asidi kwa bureti na kusawazisha mlinganyo wake, basi, kazi kwisha. Mambo ya kusema vizuri mbele za watu waachiwe wale wa fasihi na midahalo.

Maisha ya bwana huyu yanayavunjavunja maneno hayo. Faraday alikuwa mwanakemia hodari, hilo halina ubishi, lakini ufundi wa kuwaeleza watu sayansi hakuzaliwa nao. Aliutafuta kama alivyoutafuta ujuzi wa kemia yenyewe. Alilipa karo, akakubali kukosolewa, akarudia tena na tena mpaka London nzima ikawa inagombania viti vya kumsikiliza.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka wa 1791 huko Newington, upande wa kusini wa London, nchini Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehamia huko kutoka kaskazini kutafuta riziki, na afya yake ilikuwa ya mashaka. Siku nyingine hakuweza kushika nyundo. Mama yake, Margaret, ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Umaskini wao haukuwa wa mzaha. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1801, wakati vyakula vilipopanda bei, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Sisi tunaonung'unika juu ya githeri sijui tungefanyaje!

Shule aliyosoma ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Na hata hiyo hakuimaliza vizuri, kwa sababu ya ulimi wake. Sikilizeni kisa hiki jinsi kinavyosimuliwa. Michael alipokuwa mdogo hakuweza kuitamka r. Kaka yake aliitwa Robert, naye akawa anamwita Wobert. Mwalimu wao, mwanamke mkali kweli kweli, alikasirika akampa Robert sarafu akanunue fimbo ya kumchapia mdogo wake hadharani. Robert naye hakuweza kuvumilia. Aliitupa sarafu ile ng'ambo ya ukuta, akaenda moja kwa moja nyumbani kumwambia mama. Mama akaja akawatoa watoto wake pale shuleni.

Nimekitia kisa hiki makusudi. Katika chama hiki chetu tunao wenzetu ambao l na r huwachezea shere kwa athari ya lugha ya mama, na kicheko kinachozuka wakisimama kusema tunakijua sote. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kuna muhula mzima niliokaa kimya darasani, hata jibu nikiwa nalo, kwa kuogopa neno moja tu lenye r mbili. Kwa hiyo niliposoma kwamba mtu huyu aliyepigiwa kelele kwa ajili ya r ndiye aliyekuja kuwa msemaji mashuhuri wa sayansi katika zama zake, niliinua masikio.

Mwaka wa 1804, akiwa na umri wa miaka 13, Michael aliajiriwa na muuza vitabu mmoja aitwaye George Riebau. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa mkataba wa miaka saba. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Vitabu vilivyoletwa kushonwa na kutiwa majalada, Michael alikuwa akivisoma kabla havijarudishwa kwa wenyewe. Alisoma habari za umeme katika juzuu moja la ensaiklopidia. Alisoma pia kitabu cha kemia cha mama mmoja aitwaye Jane Marcet, kilichotungwa kwa mtindo wa mazungumzo baina ya mwalimu na wasichana wawili. Wasichana wanauliza, mwalimu anajibu na kuwafanyia majaribio. Hebu fikirini, mwanakemia huyu aliingizwa kwenye kemia na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kemia! Faraday hakumsahau mama huyo. Alipokuwa mtu mzima mwenye jina, alimpelekea maandishi yake.

Mwaka wa 1810 baba yake alifariki. Mwaka uo huo Michael alianza kuhudhuria mihadhara ya jioni nyumbani kwa mtu aliyeitwa John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja ya Kiingereza, na kwa vile mwanagenzi hana mshahara, kaka yake Robert, ambaye sasa alikuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia. Hapo kwa Tatum vijana wafanyakazi walikuwa na chama kilichoitwa City Philosophical Society. Hawakuwa watu wa vyuo vikuu. Walikusanyika jioni baada ya kazi, wakasomeana na kuelezana mambo ya sayansi kwa zamu. Kwa maneno mengine kilikuwa chama kama hiki chetu, ila kwao mada ilikuwa gesi na umeme.

Kisha bahati ikamwangukia. Mteja mmoja wa Riebau, Bwana William Dance, alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyoko barabara ya Albemarle, London. Ilikuwa mwaka wa 1812. Davy alikuwa mwanakemia nyota wa Uingereza, kijana mtanashati, na watu walijaa kumsikiliza kama tunavyojaa uwanjani siku ya fainali. Faraday aliketi juu kwenye roshani akiandika kila alichosikia. Nyumbani aliyanakili maelezo yale kwa mwandiko safi, akachora vyombo vyote vilivyotumiwa, akayajalidi kwa mikono yake yakawa kitabu cha kurasa zipatazo 300. Mwishoni mwa mwaka alimpelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi yoyote ya sayansi.

Davy alimwita, lakini akamshauri abaki na kazi yake ya majalada, maana sayansi haina pesa. Ushauri wa wakubwa, jamani! Lakini mwaka wa 1813 msaidizi wa maabara ya Davy alipigana na fundi wa vyombo, akafukuzwa. Tarehe 1 Machi Faraday akachukua nafasi hiyo kwa shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili juu darini, makaa ya kuotea moto, na mishumaa. Mishumaa hiyo ikumbukeni, tutairudia.

Sasa tufike penye kiini cha habari. Miezi mitatu tu baada ya kuajiriwa, Faraday alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua ndefu kadhaa juu ya jambo moja: mhadhara mzuri wa sayansi huwaje? Wakati huo hakuwa mhadhiri. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kuwashikia wakubwa vyombo. Lakini alikuwa ameketi nyuma ya wahadhiri wengi akiwatazama, na hakuwatazama wao tu, aliwatazama na wasikilizaji. Aliona wanapopiga miayo na wanapoinua shingo. Yale aliyoyaona ndiyo aliyoyaandika.

Alianza na chumba chenyewe. Hewa ipite vizuri, kwa sababu mtu aliyekosa hewa hafikiri. Mwanga uangukie meza ya majaribio. Aliandika hata juu ya milango ya kuingilia na kutokea. Kisha akaja kwa mhadhiri. Asiwape watu mgongo, asisimame kama gogo, wala asirukeruke. Sauti yake isikike bila kupiga kelele, na maneno yasikimbizane. Jaribio liwe linahusu jambo linaloelezwa, na aliyeketi nyuma kabisa alione. La sivyo halina faida. Muda usipite saa moja, maana baada ya hapo masikio hubaki lakini akili zimekwenda zake. Na jambo jingine alilolishikilia sana ni kwamba mhadhiri asiwe mvuvi wa makofi. Mtu anayesema ili apigiwe makofi alimhesabu kuwa amejishusha chini mno.

Mimi nikisoma orodha hiyo nawafikiria wenzetu wanaopeleka miradi kwenye mashindano ya sayansi. Mwaka mmoja nilisimama karibu na meza ya vijana waliokuwa na kazi nzuri sana ya kusafisha maji. Waamuzi walipofika, msemaji wao alielekeza uso ukutani, akasoma bango lake kwa kasi ya treni, akamaliza kwa dakika mbili. Hakuna aliyeelewa kitu. Maji yao yalikuwa safi kuliko ya meza zote, lakini hawakufika popote.

Barua hizo zilipisha safari. Kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815 Davy alizunguka naye Ulaya. Walipita Ufaransa, Italia na Uswisi, wakaonana na wanasayansi wakubwa kama Ampère na Volta. Mkewe Davy alimfanya Faraday kama mtumishi wa nyumbani, jambo lililomuuma sana kijana wa watu. Tuliache hilo.

Aliporudi London, akaanza sasa kujaribu mwenyewe yale aliyoyahubiri. Januari 1816 alitoa mhadhara wake wa kwanza, pale pale kwenye chama cha kina Tatum. Aliuandika neno kwa neno akausoma. Alijua hakuwa amefika, kwani kujua kasoro za wengine ni kitu kimoja na kusimama mwenyewe ni kitu kingine. Basi mwaka wa 1818 akaenda kwa mwalimu wa ufundi wa kusema, Benjamin Smart, aliyekuwa akifundisha matamshi na kuhutubu. Alihudhuria masomo yake na kuandika maelezo ya kurasa zaidi ya 100. Hebu tupime: mtu wa maabara, mshahara wake mdogo, anatoa fedha mfukoni kujifunza namna ya kutamka! Baadaye alimwita Smart aje aketi katika mihadhara yake amtafutie makosa.

Alikuwa pia na rafiki aitwaye Edward Magrath. Waliunda kikundi kidogo cha vijana kilichokutana jioni kuandikiana insha na kusahihishana bila huruma. Inasimuliwa kwamba Faraday alipokuwa akitoa mhadhara, zilikuwapo kadi mbili. Moja iliandikwa neno la kumwambia aende polepole, na nyingine ilimwonya kwamba wakati unakwisha. Faraday akianza kukimbiza maneno, kadi ya kwanza inawekwa mbele yake. Nalipenda jambo hili kuliko uvumbuzi wake wote. Si wengi wenye mtu wa kuwainulia kadi, na walio naye huchukia akiinua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huo huo akaweza kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, ambao ndio mwanzo wa mota. Hapo napo alijikwaa, na alijikwaa kwa jambo la mawasiliano. Aliharakisha kuchapisha matokeo bila kumtaja William Wollaston, aliyekuwa akilifikiria jambo kama hilo, watu wakamnong'ona kuwa ameiba wazo. Ilimchukua muda kulisafisha jina lake. Mwaka wa 1823 aliigeuza gesi ya klorini kuwa kioevu, na mwaka wa 1825 akagundua benzini ndani ya mabaki ya gesi ya taa. Mwaka wa 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzaa umeme. Stima inayotuwashia taa za preps usiku huzalishwa kwa kanuni hiyo hiyo hadi leo.

Lakini yeye hakuona kwamba kugundua kumetosha. Mwaka wa 1827 alichapisha kitabu kinene, zaidi ya kurasa 600, cha kuwafundisha wanafunzi wa kemia kazi ya mikono: kupima uzito, kuchuja, kupasha moto, kukunja mirija ya kioo, hata kuosha vyombo. Mwaka huo alikataa uprofesa wa kemia katika chuo kikuu kipya cha London kwa kuwa hakutaka kuiacha Royal Institution iliyomlea. Lakini kuanzia 1830 hadi 1851 aliwafundisha kemia vijana wa chuo cha kijeshi huko Woolwich, kando ya mto Thames. Hawa walikuwa vijana wanaojiandaa kuwa maafisa wa mizinga na uhandisi, si watu waliokuja kwa mapenzi ya kemia, na kuwafanya wasikilize kulihitaji maarifa.

Kulikuwa na kanuni aliyompa kijana mmoja aliyetaka kuwa mhadhiri. Usidhani kamwe kwamba wasikilizaji wanajua. Kama unawaambia jiwe likiachiliwa litaanguka, liachilie waone likianguka. Mtoto mdogo anajua jiwe huanguka, sivyo? Lakini Faraday aliona kwamba jicho likishiriki pamoja na sikio, akili haina pa kutorokea. Ndiyo maana mihadhara yake ilijaa vitu. Akizungumzia nguvu ya sumaku kubwa ya umeme hakuishia kusema ni kali. Aliirushia ndoo ya makaa, koleo na chuma cha kuchochea moto, vyote vikanata palepale kwa kishindo, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Maneno nayo aliyachagua kwa uangalifu, na hapa sisi watu wa lugha tumsikilize. Alipokuwa akichunguza jinsi umeme unavyoipasua michanganyiko ya kemia, aligundua kwamba maneno yaliyotumika yalikuwa yakipotosha. Yalidai kujua mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyajua bado. Yeye Kigiriki hakukijua. Basi mwaka wa 1834 alimwandikia msomi mmoja wa Cambridge, William Whewell, akimweleza maana anazozitaka, wakajadiliana kwa barua. Hapo ndipo yalipotoka maneno anodi, kathodi na ioni. Anodi kwa asili ni njia ya kupanda, kathodi njia ya kushuka, na ioni ni kiendacho. Miaka yote nimekariri kwamba anioni huenda anodi, na sikujua kwamba neno lenyewe lilikuwa likinieleza safari. Sisi tunaobishana kila Alhamisi juu ya istilahi, kama tuseme elektrodi ama tutafute neno la Kibantu, tujue kwamba hata hayo yalizaliwa kwa mabishano.

Hapo Royal Institution mihadhara ya Ijumaa jioni kwa watu wazima ilianza katikati ya miaka ya 1820, na Faraday alitoa zaidi ya 100. Mihadhara ya Krismasi kwa watoto ilianza mwaka wa 1825, na kati ya 1827 na 1860 yeye aliitoa misimu 19. Mwaka wa 1855 mume wa Malkia Victoria alikuja na wanawe kusikiliza habari za metali. Mtoto wa mhunzi akiwafundisha watoto wa mfalme habari za chuma! Mchoro wa siku ile ulichapishwa baadaye kwenye noti ya pauni 20 ya Uingereza, iliyoanza kutumika mwaka wa 1991 na kuondolewa mwaka wa 2001.

Mihadhara iliyovuma kuliko yote ilihusu mshumaa. Aliitoa mara mbili, ya pili ikiwa Krismasi ya 1860, akiwa na umri wa miaka 69. William Crookes, mwanakemia kijana, aliihariri ikatoka kuwa kitabu mwaka wa 1861. Kwa nini mshumaa? Kwa sababu kila mtoto aliyekuwa ukumbini alikuwa nao nyumbani, akidhani anaujua.

Alianza kwa kuwaonyesha mishumaa ya kila namna: ya mafuta ya ng'ombe, ya nta ya nyuki, ya mafuta ya nyangumi, hata mmoja uliotolewa katika jahazi la kivita, Royal George, lililozama mwaka wa 1782. Ulikuwa umelala miaka mingi ndani ya maji ya chumvi, na bado uliwaka. Kisha akawauliza maswali mepesi yanayotega. Mshumaa ni kitu kigumu, moto uko juu, mafuta yanaufikiaje? Tazameni, hapo juu pana kikombe kidogo cha nta iliyoyeyuka. Nani amekichonga? Hewa inayopanda kando ya mshumaa hupoza ukingo usiyeyuke, na katikati, karibu na mwali, panayeyuka. Halafu utambi hupandisha mafuta kama vile taulo lililoning'inizwa kwenye beseni linavyopandisha maji. Anayetoka kwenye nyumba za koroboi hahitaji kuelezwa zaidi.

Akaenda mbele. Aliuzima mshumaa taratibu, ukatoa moshi mweupe, akasogeza kijiti cha moto mbali kidogo na utambi, na mwali ukaruka katikati ya hewa kuurudia mshumaa. Kumbe kinachowaka si nta yenyewe, bali mvuke wake. Akaweka chombo cha barafu na chumvi juu ya mwali, na chini yake yakajikusanya matone. Ni nini? Ni maji! Moto unazaa maji! Ili asibakie mtu wa kubisha, aliyagusisha na kipande cha potasiamu, kikalipuka kwa moto. Kutoka kwenye maji akaingia haidrojeni, kisha oksijeni, kisha kaboni na gesi yake inayoyageuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa.

Mhadhara wa sita ndio uliokuwa kilele. Alipuliza pumzi yake mwenyewe katika maji ya chokaa, nayo yakageuka maziwa vilevile. Mtu anayepumua naye anaungua polepole, kama mshumaa. Aliwaambia watoto wale kwamba kwa siku moja mtu hugeuza kaboni ya uzito wa wakia 7, yaani kama gramu 200, ikawa gesi. Mimea huichukua, ikajenga miili yake. Kwa hiyo kutoka kwa kipande cha nta, watoto walijikuta wamefika kwenye vifua vyao wenyewe na miti ya shambani. Hakutaja mlinganyo hata mmoja wa kutisha.

Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa lugha nyingi. Huko Japani, Akira Yoshino alipendekezewa kitabu hicho na mwalimu wake akiwa bado shule ya msingi. Mwaka wa 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya betri za lithiamu, zile zilizomo ndani ya simu.

Yasije yakaonekana kwamba mambo yake yote yalikuwa ya kuchekesha watoto. Mwaka wa 1853 wakubwa wa London walishikwa na wazimu wa kukaa gizani wakigusa meza, wakisema mizimu inaizungusha. Faraday alitengeneza chombo kidogo kikaonyesha kwamba ni mikono yao wenyewe inayosukuma bila wao kujijua, akatangaza matokeo gazetini. Wengi walikasirika. Na mwaka wa 1857 alimwandikia James Clerk Maxwell, bingwa wa hisabati aliyekuwa akiyageuza mawazo ya Faraday kuwa milinganyo, akamwomba jambo moja kwa unyenyekevu: wanahisabati wakishamaliza hesabu zao, kwa nini wasiyaandike matokeo pia kwa lugha ya kawaida, ili na watu wa majaribio kama yeye wayatumie? Swali hilo ningetamani liulizwe katika kila chuo kinachofundisha kemia.

Uzeeni kumbukumbu yake ilimwasi. Kwa mtu aliyeishi kwa kusema, huo ulikuwa msiba mzito. Aliacha mihadhara ya watoto baada ya ule mshumaa. Mwaka wa 1862 aliitwa mbele ya tume iliyochunguza shule kubwa za Uingereza, akasema wazi kwamba ni aibu watu walioelimika kutojua lolote la sayansi. Tarehe 20 Juni mwaka huo alitoa mhadhara wake wa mwisho wa Ijumaa, juu ya tanuri za gesi. Katikati ya maelezo karatasi zake zilishika moto zikaungua, naye akachanganyikiwa. Aliwaaga wasikilizaji, wala hakurudi tena mezani pale.

Alikataa kuitwa Sir, akakataa na urais wa chama kikuu cha wanasayansi. Malkia alimpa nyumba huko Hampton Court aishi bure, na humo, tarehe 25 Agosti mwaka wa 1867, alifariki akiwa ameketi kitini katika chumba chake cha kusomea. Hakuacha mtoto. Alizikwa Highgate bila mbwembwe. Kile kitabu alichokijalidi kwa ajili ya Davy kimehifadhiwa hadi leo pale Royal Institution.

Muhula uliopita stima ilipotea wakati wa preps, na mwenzetu mmoja akawasha mshumaa. Nikawaambia nitawaonyesha jambo. Niliuzima, nikasogeza njiti ya kibiriti kwenye moshi. Mara ya kwanza haikukubali, na ya pili niliichelewesha, moshi ukawa umekwisha. Kicheko, bila shaka. Wakati nikijaribu nilikuwa nikieleza habari za utambi na mvuke, na r zangu zikipita zinavyotaka. Mara ya tatu mwali uliruka. Waliokuwa nyuma walisema hawakuona vizuri, ikabidi niurudie.